Kutoa maksi nyimbo zako mwenyewe ukiwa umeweka shafo: mwongozo kamili wa mtu aliyekaa barazani Mtwara

Nina nyimbo 1,347 kwenye memori kadi, nilizihesabu usiku mmoja nimekaa barazani hapa Chikongola umeme umekatika, na ungeniuliza siku hiyo nazipenda ngapi ningekwambia zote, si nimeziweka mwenyewe bana. Uongo mtupu. Nilipoanza kuzipa maksi moja moja zinavyojiangukia bila mimi kuchagua, kwenye arobaini za mwanzo nikakuta kumi na moja sizitaki hata kuzisikia, na nyingine tatu naapa sijui zilifikaje mule ndani.

Ndo maana nasema maksi za nyimbo zitolewe kwenye shafo, yaani simu ijichagulie wimbo yenyewe bila mpangilio, na si vinginevyo. Wimbo ukiuchagua mwenyewe ushaupa maksi kabla haujaanza, umeutafuta kwa jina, umeukumbuka, una hamu nao, sasa hapo unapima nini? Shafo inakukuta hujajiandaa, unabangua korosho au unafua, wimbo unaingia tu, na ule uso unaoukunja sekunde ya kwanza ndo ukweli wenyewe.

Haya twende.

Kwanza toa visivyopewa maksi

Hii hatua watu wanairuka na mimi niliiruka. Tulikuwa nyuma ya nyumba msimu wa korosho, bibi kakaa kwenye mkeka na ungo wake, simu imeunganishwa na sabufa, inapiga kaswida tulivu kabisa bibi anaitikia kwa kichwa. Kaswida ikaisha. Shafo haina adabu, ikadondosha singeli, na si singeli ya harusini, ile yenyewe ya uswahilini Dar yenye maneno yake. Mikono yangu imejaa mafuta ya ganda la korosho, yale yanababua ngozi na huwezi kushika simu nayo, mpaka nimejifuta majivu na kukimbilia simu wimbo ushasema yote uliyotaka kusema. Bibi alisema "haya" akaendelea kupepeta. Basi. Mpaka leo nikisikia mtu anasema haya kwa sauti ile nashtuka.

Kwa hiyo kabla ya lolote fungua folda mpya, hamishia humo kaswida, kwaya, mawaidha na visomo vyote, hivyo havishindanishwi na kitu na havikai na bongo fleva. Halafu nenda kwenye vitu vya WhatsApp. Faili linaloanza na PTT ni sauti ya mtu, mtu alibonyeza kimaiki akaongea, na linaloanza na AUD ni odio aliyotumiwa mtu, inaweza kuwa wimbo inaweza kuwa tangazo la msiba. Jina lake lina tarehe ndani, ukiona AUD-20190312 ujue ni tarehe 12 mwezi wa tatu 2019. Apu nyingi za muziki zinayabeba yote bila kuuliza. Mimi katikati ya zoezi ilitokea sauti ya babu, marehemu, ananiambia mnazi wa nyuma umeanguka nije na panga. Utampa nyota ngapi babu? Toa, weka kando, nakili mahali pawili.

Ngoma ulizorekodi mwenyewe kijijini nazo kando, ile sindimba ya kule Newala nimeirekodi na simu ya kichina, upepo mtupu na watoto wanapiga kelele, siwezi kuipima na kitu kilichotoka studio.

Majina yanayodanganya

Hapa usikae sana ila usiache kabisa. Nyimbo za kuingiziwa kibandani stendi zinakuja na majina ya ajabu, Track 01, Track 02, msanii asiyejulikana, au jina la tovuti limebandikwa kila mahali mpaka kwenye picha. Si lazima usafishe zote 1,347, utazeeka. Safisha zile ulizonazo nyingi za mtu mmoja au bendi moja.

Mfano wapenzi wa dansi mnajua hili, Msondo Ngoma ilianza 1964 ikiitwa NUTA Jazz, ikaja kuwa JUWATA, ikaja OTTU, ndo ikawa Msondo. Kwenye simu yangu walikuwa wasanii wanne tofauti. Sikinde nao hivyohivyo, nina Mlimani Park, nina DDC, nina Sikinde, wote haohao. Ukija mwishoni kujumlisha maksi za kila bendi utapata majibu ya kipuuzi kama hujawaunganisha. Njia rahisi, jina la bendi weka moja unalolipenda, jina la kipindi kile liandike kwenye sehemu ya albamu.

Nakala mbilimbili zitafute kwa kupanga nyimbo kwa jina halafu angalia urefu. Majina sawa na dakika sawa, moja ya MB 3 na nyingine ya MB 8, bakiza kubwa. Hesabu ya kichwa ni kwamba MP3 ya kbps 128 (kbps ni kipimo cha data inayotumika kila sekunde) inakula karibu MB 1 kwa dakika na ya 320 inakula MB 2.4 hivi, sasa wimbo wa dakika nne wenye MB 2 jua umekamuliwa kama muwa. Ila si kila kubwa ni nzuri, mtu anaweza kuchukua faili bovu la 128 akaligeuza 320, likanenepa na ubovu wake uleule. Sikio ndo litaamua.

Shafo yako inachanga au inaokota?

Watu wa karata mtanielewa haraka. Kuna kuchanga karata, unazichanganya zote ndo unagawa moja moja mpaka ziishe, hakuna karata inayotoka mara mbili. Na kuna kuokota, unachomoa moja unaiangalia unairudisha unachomoa tena. Apu zinatofautiana hapo. Kwa zoezi hili tunataka ya kuchanga, njia yake ni ya tangu 1938, jamaa wawili wa takwimu Uingereza wanaitwa Fisher na Yates waliiandika kwa ajili ya karatasi na kalamu, kompyuta zikaja kuirithi.

Utajuaje yako ni ipi? Tengeneza pleilisti ya nyimbo kumi, weka shafo, zima kurudia, sikiliza mwanzo mwanzo tu wa kila mmoja ukiruka. Kumi zikitoka kila mmoja mara moja halafu ikasimama, inachanga. Ikirudia wimbo kabla kumi hazijaisha, inaokota. Na usidhani ukiwa na nyimbo nyingi kuokota hakuna madhara, ukiwa na nyimbo 1,000 ukaokota arobaini, uwezekano wa angalau mmoja kujirudia ni zaidi ya nusu. Piga hesabu ukibisha.

Kitu kingine, mtu akisikia msanii mmoja mara mbili mfululizo anasema shafo imeharibika. Haijaharibika! Bahati nasibu ya kweli ina tabia ya kurundikana. Watu walilalamika sana hili mpaka Spotify mwaka 2014 wakaeleza wamebadilisha shafo yao ili nyimbo za msanii mmoja zitawanyike, yaani wameipunguzia ubahatishaji ili watu waone ni ya kubahatisha. Sisi hapa acha zirundikane, ila zikija mbili za mtu mmoja pamoja usiulinganishe wa pili na wa kwanza, kunywa maji kwanza.

Na ikishachanga, usifunge apu katikati maana nyingine zinachanga upya. Ndo maana mimi nachanga nyimbo ishirini tu kwa usiku, nazihifadhi kama pleilisti ya leo, hata umeme ukikata na simu ikizima naendelea nilipoishia. Ishirini kwa nyimbo za dakika nne ni kama saa moja na dakika ishirini, zaidi ya hapo sikio linachoka unaanza kugawa 3 kama pipi.

Sauti iwe sawa, hapa ndo wengi wanadanganyika

Sikia, wimbo wenye sauti kubwa sikio linauona mtamu zaidi. Ni maumbile, sauti ikiwa ndogo sikio linapoteza besi na vile vya juu vinavyolia tsss, ukiongeza vinarudi, unadhani wimbo ndo umekuwa mzuri. Sasa rekodi za zamani za Redio Tanzania, zilizopigwa kwenye studio ya redio zikapita kwenye kaseti za watu ndo zikafika kwenye simu yako, ziko chini. Singeli na bongo fleva za sasa zimekandamizwa ziko juu kabisa muda wote. Ukiziacha hivyo mzee wa gitaa atapata 2 na kijana wa juzi 4 na kumbe umetoa maksi kwa kitasa cha sauti.

Tafuta kwenye mipangilio ya apu yako kitu kinaitwa ReplayGain, ni alama inayoandikwa kwenye faili kusema wimbo huu ushushwe au upandishwe kiasi gani, muziki wenyewe hauguswi. Kama faili zako hazina alama hiyo na una laptopu, programu ya bure kama MP3Gain inasawazisha folda nzima ukienda kula. Kama huna vyote, fanya kwa mkono, kila wimbo ukianza gusa kitufe cha sauti mpaka ulingane na uliopita ndo uanze kupima.

Na kifaa kiwe kilekile. Usipime leo kwenye sabufa kesho kwenye hedifoni za boda.

Mtafute mtu wa kushika simu

Hii ndo siri ya mwongozo mzima, kama unasoma kwa kuruka ruka basi soma hapa. Usiangalie kioo. Ukiona jina la msanii umeshapanga maksi, nani atampa 1 msanii aliyekuwa anampenda sekondari? Mimi simu anashika mpwa wangu wa darasa la saba, mimi nabangua korosho mikono ina mafuta hata nikitaka kuchungulia siwezi, wimbo unapiga, namwambia namba, anaandika kwenye kaunta buku. Kwake ni mchezo. Siku ya kwanza tulikwenda hivi:

"Mjomba, hii?"

"Mbili."

"Mbili? Mjomba, si ndo ile unasemaga ndo wimbo bora duniani?"

"Nani kakwambia uniambie jina? Andika mbili."

Akaandika mbili huku anacheka. Na kweli nilikuwa nasemaga hivyo, miaka kumi nasema, na siku hiyo nimeusikia bila kujua ni wenyewe, ngoma imeanza vizuri halafu kiitikio kinarudiwa mpaka kinakera.

Kama uko peke yako geuza simu kifudifudi, au weka mfukoni utumie kitufe cha hedifoni kwenda mbele. Utautambua wimbo kwa sikio, ni kweli, ila kuna sekunde tano sita kabla hujaukumbuka na zile ndo za thamani.

Maksi zenyewe

Tumia 1 mpaka 5, na kila namba iwe kitendo, si hisia. "Nzuri", "nzuri sana" hizi kesho zinabadilika. Zangu ziko hivi: 1 ningekuwa na mikono misafi ningeuzima. 2 nauvumilia nikisubiri uishe. 3 sikuugundua kama umepita, kazi imeendelea, hauna shida. 4 nimeacha kubangua kidogo, au nimemwambia mpwa ongeza. 5 nimesema rudia.

Umeona 5 ni ngumu? Makusudi. Kwenye usiku wa nyimbo ishirini nikipata 5 mbili nimebahatika, kuna siku sikupata hata moja. Nusu nusu sitaki, mtu wa 3 na nusu ni mtu wa 3 anayeogopa. Na usiwe na maksi za aina hii kwa taarabu na aina ile kwa singeli, huu si mtihani wa taifa, swali ni moja tu, wewe hapo kwenye kigoda umefanya nini ulipousikia.

Namba zinateleza kadiri usiku unavyokwenda. Dawa yake, chagua nyimbo tatu unazozijua vizuri, moja ya 2, moja ya 3, moja ya 4, kila ukianza sikiliza nusu dakika ya kila moja, sikio lirudi kwenye mizani. Wauza korosho ghalani mizani yao inakaguliwa kwanza, na ikienda vibaya mkulima anaona kwenye malipo, sasa wewe sikio lako nani kalikagua?

Uusikilize kwa muda gani

Bongo fleva dakika moja na nusu inatosha, kama kiitikio hakijafika mpaka hapo kosa ni lao. Singeli sekunde arobaini, mapigo 200 na zaidi kwa dakika, kila kitu kimeshasemwa.

Dansi usithubutu. Wimbo wa dansi una sehemu mbili, mwanzo wa polepole waimbaji wanatoa kisa, halafu chemko, magitaa yanaachiwa, tarumbeta zinaingia, na kuna nyimbo ambazo ukizipima kwenye dakika ya pili utazipa 3, ukisubiri dakika ya tano unasimama na kisu cha korosho mkononi unacheza peke yako. Taarabu vilevile, kuna za dakika kumi na zaidi, vinanda vinapanga meza muda mrefu kabla mwimbaji hajakaa. Hizo sikiliza mpaka mwisho au usizipe maksi kabisa siku hiyo, andika "bado" zirudi kwenye pleilisti ya kesho.

Maksi ya wimbo na maksi ya kumbukumbu

Hapa nilikwama wiki nzima. Kuna wimbo mmoja mtamu tu, sauti nzuri, mashairi mazuri. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa, basi letu lilisimama foleni usiku kucha, dereva ana flashi moja ina nyimbo kama kumi na mbili, na huo ulikuwemo. Sijui niliusikia mara ngapi. Sasa hivi ukianza tu nasikia harufu ya tope na dizeli na yule mtoto wa siti ya nyuma analia anataka chapati. Nikasema 1. Mpwa akaniuliza mbona ulikuwa unaimba nao mjomba.

Na upande wa pili kuna takataka moja, kinanda cha bei rahisi, mwimbaji hafiki noti, na siku dada yangu anaolewa Mikindani ndo uliopigwa tukiwa tunamtoa ndani. Utaufuta huo?

Nikaamua kila wimbo unaokuja na mzigo uandikwe namba mbili, ya kwanza ya wimbo, ya pili ya kumbukumbu. Wa Kilwa ukawa 4/1. Wa harusi 1/5. Usiokuwa na mzigo unabaki na namba moja. Kufuta, namba zote mbili lazima ziwe chini, 2 kushuka. Kupiga mbele za watu, angalia ya kwanza tu, wageni wako hawakuwepo Mikindani. Ya pili ni yako na chumba chako.

Ongeza na herufi T pembeni ukikuta wimbo mzuri kwenye faili bovu, umekatwa mwisho, au katikati DJ anapiga kelele jina lake kama anaitwa mahakamani. T maana yake tafuta kopi safi. Maksi apewe mwimbaji, si DJ.

Kuandika na kutunza

Daftari kwanza, simu baadaye. Nina sababu. Mara ya kwanza nyota zote nilibonyeza kwenye apu, nyimbo mia tatu na kitu, halafu nikavuka na kivuko kwenda Msangamkuu, nikainama kuangalia maji kama sijawahi kuona bahari, simu ikatoka mfuko wa shati ikaenda. Memori kadi ilikuwa humohumo. Nyimbo nilikuwa nazo kwenye laptopu, nyota hazikuwepo popote.

Shida ni kwamba apu nyingi zinaweka nyota kwenye kumbukumbu zake zenyewe, si ndani ya faili la wimbo. Ukihamisha wimbo nyota zinabaki. Faili la MP3 lina nafasi yake ya maksi ndani, inaitwa POPM, ni namba 0 mpaka 255, na programu inayojua inaandika humo. Kwenye laptopu ya Windows, MusicBee ni ya bure na ukienda kwenye mipangilio unaiambia ihifadhi maksi ndani ya faili. Jaribu na nyimbo mbili tatu kwanza, ziweke nyota, zinakili kwenye simu, ona kama apu ya simu inazisoma. Kama hazisomeki usihangaike, tumia ujanja wa mafolda, folda tano zenye namba 1 mpaka 5, wimbo unahamia kwenye maksi yake. Haujapendeza ila hakuna simu isiyosoma folda.

Baada ya arobaini za mwanzo

Si lazima umalize zote ndo ujue hali yako. Mimi kwenye arobaini nilipata kumi na moja za chini, ni asilimia 27 na kitu, na kwa arobaini tu makadirio yanaweza kukosea kama asilimia 14 kwenda juu au chini, kwa hiyo kwenye 1,347 zangu takataka ziko popote kati ya mia na themanini hivi na mia tano na kitu. Upana mkubwa, ndiyo, ila nilishajua si kumi na si elfu, na nikajua kuendelea kuna faida. Ukipata mbili tu kwenye arobaini, funga daftari, nyimbo zako ziko vizuri nenda ukalale.

Ukiendelea kwa ishirini kila usiku, nyimbo kama zangu ni usiku sitini na nane. Ramadhani nilisimama mwezi mzima nikarudi, hakuna anayekufukuza.

Za 1 usifute siku hiyohiyo, ziweke folda moja wiki mbili. Za 2 zirudishe kwenye shafo baada ya miezi mitatu bila kumwambia mshika simu zamani zilikuwa ngapi, nyingi zitabaki 2, chache zitaruka mpaka 4 na utajiuliza siku ile ulikuwa umekula nini. Za 3 ziache, ndo chakula cha kila siku hizo.

Wiki mbili zikaisha nikafungua folda ya 1 nifute, nikakuta tupu. Mpwa kasema alidhani nimemwachia, zote kahamishia kwenye flashi yake, na jioni anapiga kwa jirani wanacheza. Kaunta buku limejaa, na kwenye kurasa za nyuma kuna mwandiko wake, safu ya pili ya namba pembeni ya zangu, ule niliosema mbili yeye kauandikia tano na kachora duara.